Riwaya za Vijana Zenye Malaika na Mashetani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wanaokuja kuazima vitabu kwenye kikundi chetu cha kusoma hapa Tanga, kwa wazazi wanaowafuata nyuma, na kwa ustadhi mmoja aliyekuja kulalamika akaondoka na kitabu kwapani. Pale ambapo jibu lingejirudia nimekuelekeza kwenye swali jingine. Nimejitahidi nisikuharibie utamu wa miisho.

## Kwa anayeanza

Riwaya hizi ni za namna gani?

Ni riwaya zilizoandikiwa wasomaji wa umri wa sekondari, zinazowaleta malaika na mashetani kwenye maisha ya kila siku ya kijana. Msichana wa miaka kumi na sita anakalishwa darasani pamoja na mvulana asiyejulikana alikotoka, na baadaye anayaona makovu mgongoni mwake, pale mabawa yalipokuwa. Nyuma ya mapenzi yao kuna vita vya tangu na tangu, na mara nyingi kuna siri kuhusu baba mzazi wa mmoja wao.

Hadithi za mafundisho ya dini, ambamo malaika anashuka, anatoa ujumbe na kuondoka, hazimo humu. Katika riwaya hizi malaika ni mhusika kama wengine. Anakosea, anaona wivu, anadanganya, na akipigwa anaumia.

Mbona nyingi zimetoka miaka ileile?

Ni biashara. Baada ya Twilight, riwaya ya mapenzi na mnyonya damu, kutoka mwaka 2005 na kuuzwa kupita kiasi, wachapishaji wa Marekani walianza kusaka kiumbe mwingine mzuri asiyekufa, ila asiwe mnyonya damu. Cassandra Clare alitoa City of Bones mwaka 2007. Oktoba 2009 ikaja Hush, Hush ya Becca Fitzpatrick, na Desemba ya mwaka huohuo ikaja Fallen ya Lauren Kate. Mwaka 2011 zikafuatana Unearthly ya Cynthia Hand, Angelfall ya Susan Ee na Daughter of Smoke & Bone ya Laini Taylor.

Sisi tumevipata wimbi lilipokwisha kupungua huko. Nakala nyingi tunazoazimisha ni za mtumba, zina mhuri wa maktaba ya shule ya huko uliokatwa kwa kalamu nyekundu, na moja ina orodha ya majina ya waliowahi kuiazima. Vijana hupenda kuisoma hiyo orodha kabla ya kitabu chenyewe.

Nianze na kipi?

Inategemea unachokipenda. Ukipenda mapambano na mji mkubwa, chukua City of Bones. Clary, msichana wa New York, anaona mauaji kwenye klabu ya muziki ambayo wenzake hawayaoni, na kutoka hapo mama yake anatoweka. Ukipenda mapenzi mazito yenye huzuni, chukua Fallen, ambamo Luce anapelekwa kwenye shule ya watoto watukutu huko Savannah, Georgia, na kukutana na Daniel, mvulana ambaye moyo wake unamwambia alishawahi kumjua.

Mimi humpa mgeni Angelfall. Malaika wameishambulia dunia, na California imebaki magofu. Penryn ana mama mgonjwa wa akili na mdogo wake anayetumia kiti cha magurudumu. Mdogo huyo anachukuliwa na malaika, na Penryn analazimika kushirikiana na malaika adui aliyekatwa mabawa. Mabawa yenyewe anayabeba yakiwa yamefungwa kwenye blanketi. Hakuna dawati la shule wala dansi ya mwisho wa mwaka. Wavulana wanaosema "hivi ni vitabu vya wasichana" hunyamaza kwenye sura ya pili.

Nisome kwa mpangilio gani?

Fuata mwaka wa kutolewa. Watu hujichanganya zaidi kwa Clare, kwa sababu mfululizo wake wa kwanza una vitabu sita (2007 hadi 2014), na katikati yake alitoa vitabu vitatu vya London ya mwaka 1878 (2010 hadi 2013). Ukianza na vile vya London eti kwa kuwa matukio yake ni ya zamani zaidi, utazijua mapema siri alizozificha kwenye vile sita.

Je, Kiswahili hakina vya kwake?

Viumbe wa namna hii tunao tele, malaika wa shuleni ndiye hatuna. Katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, ndugu wawili wabaya wanageuzwa manyani kwa nguvu za jini, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku huku moyo ukimuuma. Hapo kuna uchungu kuliko katika nusu ya riwaya nilizozitaja juu. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla inakuahidi mzimu, kisha inakupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed inamtoa babu kaburini aje kumuuliza mjukuu wake maswali ya dhuluma na utawala. Ukitaka kuijaza nafasi iliyobaki, tazama swali la mwisho.

## Majina na asili yake

Wanefili ni akina nani?

Jina limo kwenye Biblia yako ya Kiswahili, Mwanzo 6:4. "Wana wa Mungu" waliwaingilia binti za binadamu wakazaa nao, na siku zile duniani walikuwako Wanefili. Biblia inayasema hayo kwa aya chache, kisha inaingia kwenye gharika. Riwaya zinaishi ndani ya ukimya huo.

Kila mwandishi ana Wanefili wake. Kwa Clare ni wapiganaji wa binadamu ambao babu yao wa kwanza alikunywa damu ya malaika Razieli kutoka kwenye kikombe. Huchora alama za nguvu kwenye ngozi, na majina ya malaika huyataja kuwasha visu vyao. Kwa Fitzpatrick ni watoto wa malaika walioanguka na wanawake wa kibinadamu, nao hugeuzwa vyombo. Kila mwaka, katika mwezi wa Kiyahudi wa Heshvani, malaika aliyeanguka humwingia Mnefili wake na kuutumia mwili wake. Msomaji wa pwani haelezwi mara mbili hapo. Mnefili amefanywa kiti (tazama swali la shetani na jini).

Mbona maelezo yao ni mengi kuliko yaliyomo kwenye Biblia? Yametoka wapi?

Mengi yametoka kwenye Kitabu cha Henoko. Humo malaika mia mbili, waitwao Walinzi, wanashuka juu ya mlima Hermoni wakiongozwa na Semyaza, wanaapizana wasirudi nyuma, kisha wanaoa. Azazeli anawafundisha wanaume kufua panga na ngao, na wanawake kupaka wanja na kuvaa vito. Watoto wao wanakuwa majitu yenye urefu wa dhiraa elfu tatu, wanakula chakula chote cha watu, na kikiisha wanawageukia watu wenyewe.

Kitabu kizima kimetufikia kwa Kige'ez, lugha ya kanisa la Ethiopia, na hadi leo kimo ndani ya Biblia ya Waorthodoksi wa Ethiopia. Ulaya walikuwa wamekipoteza kwa karne nyingi. Msafiri wa Kiskoti James Bruce aliporudi kutoka Ethiopia alileta nakala mwaka 1773, na tafsiri ya Kiingereza ya Richard Laurence ikatoka 1821. Katika karne ya 20 vipande vyake vya Kiaramu vilionekana Qumran, kwenye mapango ya Bahari ya Chumvi. Hata waraka wa Yuda katika Agano Jipya unamnukuu Henoko kwenye aya ya 14.

Kwa hiyo kijana anapoambiwa kwamba hizi ni "hadithi za Wazungu", mwambie mlolongo wake. Yule Daniel wa Fallen anaitwa Grigori, jina lililotoka kwenye neno la Kigiriki la wale Walinzi, wasiolala. Na bila watawa wa Ethiopia walioketi kunakili ngozi baada ya ngozi, tusingekuwa na hadithi yao nzima.

Lusiferi yuko aya gani?

Utamtafuta sana. Isaya 14:12 katika Biblia ya Kiswahili inasema "ewe nyota ya alfajiri, mwana wa asubuhi", na maneno hayo yameelekezwa kwa mfalme wa Babeli. "Lucifer" ni neno la Kilatini la nyota hiyohiyo, ambalo baadaye lilifanywa jina la shetani. Yule shujaa mwenye majivuno, anayeanguka kutoka mbinguni na kutoa hotuba nzuri, sehemu kubwa ametoka kwa mshairi Mwingereza John Milton, katika Paradise Lost ya 1667. Wavulana wote wa riwaya hizi wenye koti jeusi na tabasamu la upande mmoja ni wajukuu wa shairi hilo.

Mwalimu wangu wa madrasa anasema malaika hawezi kuasi. Basi hadithi nzima si imekwisha?

Mwalimu wako amesema sawa. Kurani 66:6 inawaeleza malaika kuwa hawamuasi Mungu katika anayowaamuru. Iblisi, kwa 18:50, alikuwa katika majini. Malaika wameumbwa kwa nuru na majini kwa moto. Haruti na Maruti wa Babeli (2:102) walifundisha, lakini walimwonya kila mtu kwanza kwamba wao ni mtihani. Habari za wao kuanguka kwa ajili ya mwanamke zimo kwenye visa vilivyozunguka ufafanuzi wa Kurani, na wanazuoni wengi wamevikataa.

Sasa fanya jaribio ambalo yule ustadhi wetu alilifanya kwa Hush, Hush. Kila palipoandikwa malaika aliyeanguka, soma jini. Hadithi inasimama karibu yote. Jini ana hiari, anaoa, anapenda na kuchukia, na sura ya 72 inasimulia majini walioisikia Kurani wakaamini. Kinachoanguka ni mabawa na machozi ya kuikumbuka mbingu. Alikirudisha kitabu akasema, "Huyu kijana ni jini tu, wamempa jina la kukodi."

Kwa nini malaika wote ni wavulana wazuri wenye mabawa mawili?

Kwa sababu lazima msichana ampende. Vitabu vya dini haviwachori hivyo. Maserafi wa Isaya 6 wana mabawa sita, mawili ya kufunika uso. Viumbe wa Ezekieli wana nyuso nne, ya mwanadamu, ya simba, ya ng'ombe na ya tai, na kando yao kuna magurudumu yaliyojaa macho. Kurani 35:1 inataja mabawa mawili, matatu na manne. Neno la kwanza la malaika kwa watu, mara nyingi, ni "usiogope". Hilo haliambiwi mtu aliyemwona mvulana mzuri.

Aliyelielewa hili vizuri ni Akwaeke Emezi, mwandishi wa Nigeria, katika Pet (2019), iliyofika fainali ya tuzo ya kitaifa ya vitabu Marekani mwaka huohuo. Tone la damu ya msichana Jam linadondokea mchoro wa mama yake, na kiumbe anatoka ndani ya mchoro. Anatisha kumtazama, naye amekuja kuwinda mwovu aliyejificha kwenye nyumba yenye upendo. Jam ameambiwa tangu utotoni kwamba waovu wamekwisha.

## Maneno yetu

Shetani, jini, pepo, mzimu: tofauti ni nini?

Hapa ndipo tafsiri zinapovunjika miguu. Kanisani na msikitini shetani ni adui, basi. Uswahilini, shetani anaweza kuwa mgeni mwenye kabila, lugha na ulaji wake. Akimpanda mtu, yule mtu huitwa kiti, na watu wake hawamfukuzi mgeni mara moja. Humuuliza anataka nini. Atataja ubani, marashi, kitambaa cha rangi fulani, ngoma. Unguja kuna kibuki, anayehesabiwa kuwa ametoka Bukini, yaani Madagaska, na huyo hutaka brandi. Wamakonde nao tangu miaka ya 1950 wamechonga mashetani wa mpingo wenye jicho moja na mdomo uliopinda, na watalii hununua bila kuuliza kama ni wema au wabaya.

Jini ni kiumbe wa moto, mwenye dini au asiye nayo. Mzimu ni wa wafu na mahali pao, chini ya mbuyu au pangoni.

Pepo ndiye msumbufu. Katika Biblia ya Kiswahili Yesu anatoa pepo. Katika tafsiri za Kurani waja wema wanaingia Peponi. Andika "aliiona pepo" na wasomaji wawili wa mtaa mmoja wataona vitu viwili vilivyo kinyume kabisa. Mwanafunzi wetu aliandika "malaika alitoka peponi akiwa na hasira", na mwenzake akauliza kwa dhati kama malaika yule alikuwa amepagawa.

Basi nikiandika, adui wa malaika nimwite nani?

Mimi ningeamua kwanza anataka nini. Anayetaka kuangamiza tu, mwite shetani na usimpe kabila. Anayeweza kugeuka na kutubu, jini linakutosha na linakuongezea historia bure. "Pepo" ningeiacha, au ningeitumia mara moja tu kwa makusudi, kwenye sentensi ambayo utata wake ndio utamu wake.

Malaika ni mwanamume au mwanamke?

Kiingereza kinamlazimisha mwandishi achague kwenye sentensi ya kwanza. Kiswahili hakikulazimishi. "Alishuka, akanitazama, akanyamaza" inaweza kwenda kurasa mia tatu bila mtu kujua. Sijui kwa nini tunaiona lugha yetu nyembamba kwa hadithi hizi.

## Wazazi na walimu

Vitabu hivi vinafundisha uchawi?

Mama mmoja alirudisha City of Bones kikiwa kimeviringishwa gazeti na kufungwa kwa uzi wa katani, kama samaki. Hakutaka kukishika. Nikamwomba tukae tusome pamoja kurasa kumi. Tulisoma thelathini. Swali lake la mwisho lilikuwa kama mama wa Clary ataonekana.

Alama na maneno ya kuwashia visu humo ni ya kubuni, na hayafanyi kazi nje ya kitabu. Kama nyumba yenu haitaki hadithi za namna hii kwa sababu ya imani, hiyo ni haki yenu na sibishani nayo. Lakini muulize mtoto anasoma nini kabla ya kutazama jalada. Majalada yake, kwa kweli, ni meusi kupita maudhui.

Kuna jambo lolote la kumwonya mtoto?

Lipo, na si mashetani. Ni mapenzi. Patch wa Hush, Hush anamfuata Nora, anajua habari zake ambazo hakumwambia, anamtisha, na mwanzoni amemjia kwa nia ya kumuua. Kitabu kinamchora kama kijana wa kutamaniwa. Binti wa miaka kumi na nne anaweza kujifunza kwamba hofu tumboni ni dalili ya mapenzi. Kwenye kikundi tunakisoma, kisha ninauliza: huyu asingekuwa na historia ya mabawa, ungemwambia nani? Wasichana hujibu haraka kuliko ninavyotarajia. Wengine husema shangazi, wengine husema polisi.

Umri gani unafaa?

Pet kuanzia miaka kumi na miwili, ukiwa tayari kuzungumza na mtoto kuhusu watu wazima wanaowadhuru watoto. Vingine vyote kuanzia kumi na minne. Angelfall ina miili iliyokatwakatwa, na aliye mwepesi wa kuota usiku asubiri.

## Pembeni mwa mpaka

His Dark Materials imo? Mbona kila mtu ana shetani wake?

Hao si mashetani. Katika vitabu vya Philip Pullman (1995 hadi 2000) kila mtu ana kiumbe mwenye umbo la mnyama, na huyo ni roho yake iliyo nje ya mwili. Neno lake la Kiingereza limetokana na Kigiriki cha kale na linatamkwa kama neno la shetani, ndiyo maana watu huruka. Malaika wa kweli wamo, hasa kitabu cha tatu, nao wako vitani. Ubishi wa vitabu hivyo na kanisa ni wa wazi, kwa hiyo mzazi mwenye wasiwasi hapa ana sababu zaidi kuliko kwa Clare.

Malaika bila Mungu, inawezekana?

Daughter of Smoke & Bone inafanya hivyo. Maserafi wake ni taifa la watu wenye mabawa ya moto, wanaopigana na viumbe mchanganyiko wa wanyama katika dunia nyingine, huku Karou, msichana mwenye nywele za buluu, akikusanya meno kwa kupitia mlango wa ajabu ulioko Prague, mji wa Ulaya. Hakuna mbingu. Wanaoitwa mashetani ni walioshindwa vita, na aliyewapa jina hilo ni mshindi.

Na malaika rafiki wa shetani?

Soma When the Angels Left the Old Country ya Sacha Lamb (2022). Malaika na shetani wanasoma Talmudi, maandiko ya sheria na mafundisho ya Kiyahudi, pamoja katika kijiji kidogo cha Wayahudi, kisha wanavuka bahari kumtafuta msichana aliyepotelea Marekani. Malaika wa humo hana hata jina la kudumu, na kupata hati za uhamiaji kunamtesa kuliko shetani yeyote.

Filamu zake zinafaa?

Soma kwanza. City of Bones ilifanywa filamu mwaka 2013, kisha hadithi ikaanza upya kama tamthilia ya Shadowhunters (2016 hadi 2019). Fallen ilipata filamu mwaka 2016. Hakuna niliyemaliza kuitazama bila kuangalia saa.

Ninaweza kuandika yangu, iwe ya hapa?

Ndiyo, na usianze na New York. Binti mmoja wa kidato cha tatu alituletea ukurasa mmoja kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Malaika amefika kivukoni Pangani wakati wa jioni, anataka kuvuka kwenda Bweni. Mabawa yamelowa, hawezi kuruka. Mkata tiketi anamtazama juu mpaka chini, anamwomba nauli. Malaika anajipapasa, nguo zake hazina mifuko. Nyuma yake foleni inaanza kuguna, na mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa anasema, "Mlipie huyo mtoto, jua linazama." Ukurasa umeishia hapo. Tunausubiri wa pili.